Nyumba za Karema na Mikono Iliyozijenga



Wana wa Israeli walipokwisha kuvuka mto Yordani waliamriwa kutwaa mawe kumi na mawili kutoka katikati ya mto na kuyasimamisha mahali pa kambi yao. Habari hizo twazisoma katika kitabu cha Yoshua, mlango wa 4. Amri ile ilitolewa kwa ajili ya watoto. Ilijulikana ya kuwa siku moja mtoto atayaona mawe yale na kumwuliza baba yake maana yake, na baba hana budi kuwa na jibu. Baba asipokuwa na jibu, mawe yale yatabaki mawe tu, na mtoto atakwenda zake.

Katika somo hili twataka kuyachungua mawe ya namna hiyo katika nchi yetu wenyewe, kwenye ufuko wa mashariki wa ziwa Tanganyika. Tutaanza Ujiji, kisha tutashuka kusini kwa njia ya maji mpaka Karema, mahali palipokuwa na kijiji cha wakulima Wakristo tangu miaka ya 1880. Kijiji hicho kilianzishwa na ndugu wa Kanisa la Kikatoliki, wala si wamisionari wetu sisi Walutheri. Hata hivyo habari zake zatufaa, kwa sababu watu wake wa kwanza walikuwa watumwa waliokombolewa, na swali lililowapata wao lahusu kila usharika: mtu akiisha kukombolewa, ahitaji nini tena ili awe huru kweli? Nyumba za Karema zina jibu la swali hilo, tena jibu lenye pande mbili.

1. Ujiji, mlango wa ziwa

Zamani za misafara, njia kuu ilianza Bagamoyo, ikapita Ugogo na Tabora, ikaishia Ujiji. Urefu wake ni kilometa 1,200 hivi. Kwa njia hiyo zilikwenda bara nguo, shanga na bunduki. Zikarudi pwani pembe za ndovu, na watu pia. Wengi wa watu hao walitekwa Umanyema na katika nchi nyingine za ng'ambo ya ziwa, wakavushwa kwa mashua, wakauzwa Ujiji au wakaendeshwa mbele kwa miguu. Burton na Speke walifika hapo mwaka 1858. David Livingstone alifika mwaka 1869, na mwaka 1871 Henry Stanley akamkuta hapo, hali yake dhaifu, na mali aliyoitegemea imekwisha kuuzwa na mtu aliyekabidhiwa.

Leo mahali pale pana mnara wa kumbukumbu na miembe. Mwembe wa siku zile haupo tena. Miembe iliyopo yasemwa kuwa ni uzao wake. Wageni wajao huuliza sana habari za wale Wazungu wawili. Ni wachache waulizao habari za Susi, mtumishi aliyetoka mbio kumlaki Stanley siku ile, na ambaye mwaka 1873 pamoja na Chuma na wenzao aliuchukua mwili wa bwana wake kutoka kijiji cha Chitambo mpaka pwani. Huyo Chuma mwenyewe alikuwa kijana aliyeokolewa mikononi mwa wafanya biashara ya watumwa mwaka 1861. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana tutalirudia: alama ya mahali huonyesha majina machache, hali kazi ilifanywa na wengi.

Wamisionari nao waliingia kwa mlango huohuo wa Ujiji. Watu wa Misioni ya London walifika mwaka 1878. Bwana Thomson alikufa huko kabla ya mwaka ule kwisha, na Bwana Dodgshun, aliyefika mwaka 1879, alikufa baada ya siku chache tu. Mwezi wa Januari mwaka huo wa 1879 walifika pia Mapadri Weupe, watu wa chama kilichoanzishwa Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Lavigerie.

Tena yafaa tujue habari moja ya ziwa lenyewe, maana bila hiyo hatutaelewa alama zake. Maji ya Tanganyika yana mahali pamoja tu pa kutokea, ndio mto Lukuga upande wa magharibi. Stanley alipopitia huko mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matete na tope. Baada ya hapo maji yaliyojaa yaliuzibua, hata Bwana Hore wa Misioni ya London alipoutazama mwaka 1879 aliona ukienda kwa nguvu. Kufika miaka ya 1890 ziwa lilikuwa limeshuka kadiri ya meta 10. Kwa hiyo mahali palipofungwa mashua zamani pakawa nchi kavu, na mnara wa Ujiji ukawa mbali na maji. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilipofika ziwani mwaka 1914, haikuishia Ujiji; iliishia Kigoma, penye ghuba ya maji mengi. Katika miaka ya karibuni ziwa limepanda tena, likafunika fuko na nyumba za watu katika miji kadha wa kadha. Ajengaye kandokando ya Tanganyika asisahau ya kuwa mpaka wa maji haukai mahali pamoja.

2. Boma la Karema

Kutoka Ujiji kwenda kusini, kupita milima ya Mahale, ni safari ya kilometa zaidi ya 200 mpaka Karema, katika nchi ya Wabende. Siku hizi mahali hapo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Mwaka 1876 mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji alikuwa ameanzisha chama cha mataifa kilichosema kwamba chataka kuifungua Afrika na kukomesha utumwa. Mwaka 1879 mtumishi wa chama hicho, Kapteni Cambier, aliweka kituo Karema. Juu ya kilima kilichokuwa karibu na maji palijengwa boma lenye kuta nene za udongo. Baada ya muda mfupi ziwa likashuka, kama tulivyoeleza, boma likaachwa mbali na maji, na mbele yake pakawa uwanda wa tope na majani. Joseph Thomson, msafiri Mwingereza aliyepita huko mwaka 1880, alipacheka mahali hapo, akasema kimechaguliwa kituo kibaya.

Wakuu wa boma walifuatana, wengine wakafa kwa homa. Wa mwisho alikuwa Storms, ambaye mwaka 1883 alivuka ziwa akajenga kituo cha pili Mpala, katika nchi ya Watabwa. Hapa hatuna budi kusema ukweli wote. Mwaka 1884 watu wa Storms walimwua mtawala Lusinga wa Watabwa, na fuvu la kichwa chake likachukuliwa mpaka Ulaya. Mjini Brussels Storms alisimamishiwa sanamu ya kumtukuza. Mwaka 2022 sanamu hiyo iliondolewa, kwa kuwa watu walikwisha kuuliza maana yake wakapata jibu. Hivyo twaona ya kuwa boma lililojengwa kwa jina la kukomesha utumwa lilitumika pia kwa kutiisha nchi.

Mwaka 1885 mataifa ya Ulaya yalipokwisha kupatana mjini Berlin, ufuko wa mashariki ulihesabiwa kuwa upande wa Wadachi. Leopold aligeuza macho yake kwenye Kongo, na vituo viwili vya Karema na Mpala vikakabidhiwa kwa Mapadri Weupe. Nyumba zilizojengwa na maaskari zikawa makao ya watu wa sala.

3. Kijiji cha waliokombolewa

Kwa nini mapadri walihitaji kuta? Mwaka 1881, huko Rumonge upande wa Burundi, mapadri wawili na msaidizi wao mmoja waliuawa katika ugomvi uliotokana na mtoto aliyekombolewa. Na katika miaka iliyofuata watu wa Rumaliza, mfanya biashara mkubwa wa Ujiji, walitia hofu pande zote mbili za ziwa. Kwa ajili ya ulinzi alikuja Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa. Alifika Karema, na mwaka 1887 akavuka kwenda Mpala, akawafundisha vijana kulinda vijiji.

Ndani ya ulinzi huo kilikua kijiji. Mapadri walitoa nguo na mali nyingine kuwakomboa watu, zaidi watoto, katika mikono ya wafanya biashara. Watoto walilelewa na kufundishwa. Walipokua walioana, na kila jamaa ikapewa nyumba na shamba. Walilima mahindi, mihogo na mpunga, walivua samaki, walifyatua matofali, walipasua mbao. Wabende na Wafipa waliokimbia vita nao walikuja kukaa karibu. Kazi ya mikono ya watu hao ndiyo iliyoinua kanisa, shule, nyumba za mayatima na maghala. Kila tofali la Karema lilibebwa na mtu aliyewahi kupimwa bei.

Kijiji cha namna hiyo hakikuwa cha peke yake. Bagamoyo palikuwa na kijiji cha waliokombolewa tangu mwaka 1868, Freretown karibu na Mombasa tangu 1875, na Masasi tangu 1876. Na sisi Walutheri tunacho chetu: huko Lutindi katika milima ya Usambara palifunguliwa mwaka 1896 makao ya watoto waliotolewa utumwani, na baadaye mahali hapo pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo Kanisa letu laitunza hata leo. Basi tusisome habari za Karema kana kwamba ni habari za jirani tu.

Sasa tuje kwenye swali letu. Aliyekombolewa Karema alipata mambo makubwa. Alipata mahali ambapo hakuna mtu atakayemwuza tena. Alipata jembe, ardhi, mke au mume, na watoto ambao hawatanyang'anywa. Kwa mtu asiye na ukoo wala kabila karibu naye, haya si madogo. Sheria ya serikali iliyoondoa utumwa katika Tanganyika haikutolewa mpaka mwaka 1922. Watu wa Karema walikuwa wamevuna mashamba yao miaka zaidi ya 30 kabla yake.

Lakini upande wa pili upo. Wapo waliosema tangu siku zile ya kuwa kulipa mali kwa ajili ya mateka ni kumpa mwuzaji sababu ya kurudi na mateka wengine. Tena aliyekombolewa hakuwa na hiari katika mambo mengi. Padri alikuwa mlezi wake, na mwamuzi wa mashauri yake, na mwenye ardhi aliyoilima. Kengele ilimwamsha, kengele ikampeleka kazini na kanisani. Mtu akitaka kuondoka, aende wapi, hali kwao kumeteketezwa na njia ina watekaji? Hatusemi haya ili kuwahukumu mapadri wale, ambao wengi walikufa vijana katika kazi yao. Twasema ili tujue ya kuwa kufungua mnyororo ni kazi ya siku moja, na kumpa mtu nafasi ya kusimama kwa miguu yake ni kazi ya miaka mingi, nayo huweza kusahauliwa na mlezi aliyezoea kuwa mlezi.

4. Daktari Atiman

Mtu mmoja wa Karema aonyesha vizuri jibu kamili la swali hilo. Adrian Atiman alizaliwa karibu na Timbuktu, kando ya mto Niger, katika nchi iitwayo leo Mali. Alikamatwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara, akakombolewa na Mapadri Weupe huko kaskazini. Walimpeleka kisiwa cha Malta kusomea udaktari, naye alisoma huko tangu mwaka 1882 hata 1888. Mwaka 1889 alifika Karema. Hakuondoka tena. Alioa katika nchi ile, akatibu wagonjwa, akachunguza pia dawa za miti zilizojulikana na wenyeji, na mwanawe Joseph akawa padri. Mwaka 1946 habari za maisha yake, zilizosimuliwa na yeye mwenyewe, zilichapishwa. Alifariki mwaka 1956, akiwa ametumika hapo miaka 67.

Angalieni tofauti. Atiman naye alinunuliwa kwa mali, sawa na watoto wengine wa Karema. Lakini juu ya ukombozi alipewa elimu, na juu ya elimu alipewa kazi ambayo wazungu wenyewe walimtegemea walipougua. Ndipo aliyekombolewa akawa mwenye kuokoa wengine. Jina lake laitwa mpaka leo katika hospitali moja ya mji wa Sumbawanga. Na mwaka 1907, hapohapo Karema, chini ya Askofu Lechaptois, kulianzishwa shirika la masista Waafrika, wanawake wa nchi waliochukua kazi ya kufundisha na kuuguza mikononi mwao wenyewe. Hizo ndizo nyumba za Karema zisizoanguka kwa mvua.

5. Yatupasayo sisi

Tangu mwaka 1953 Karema palikuwa jina la dayosisi nzima. Mwaka 1969 jina likahamia Sumbawanga, na kijiji kikabaki kando ya njia kubwa. Siku hizi bandari mpya imejengwa huko, na watu na mizigo itapita. Wageni wataziona nyumba za zamani na kuuliza. Nani atawajibu? Majina ya maaskofu na makapteni yameandikwa katika vitabu. Majina ya waliofyatua matofali ni machache mno yajulikanayo.

Nasi tusijidanganye ya kuwa hayo ni mashaka ya Karema peke yake. Katika sharika zetu nyingi kanisa la kwanza la matofali mabichi limebomolewa ili kujenga kubwa zaidi. Kujenga kubwa si dhambi, maana watu wameongezeka. Lakini mara nyingi jiwe la msingi la jengo jipya huandikwa jina la mgeni wa heshima aliyefika saa mbili tu, na mabibi waliochota maji ya udongo kwa miezi sita hawatajwi. Tukifanya hivyo tunawafundisha watoto wetu ya kuwa kanisa hujengwa na wakubwa. Huo ni uongo, tena wa hatari, kwa sababu mtoto aliyefundishwa hivyo atakaa akimngoja mkubwa aje kumjengea.

Kwa hiyo twawasihi walimu na wazee wa kanisa wafanye mambo matatu kabla ya mwaka huu kwisha.

Kwanza, waende kwa mzee wa kiume na wa kike walio wakongwe kuliko wote katika usharika, wawaulize: Nani walijenga nyumba ya kwanza ya ibada? Matofali yalifyatuliwa wapi? Miti ilikatwa wapi, na nani aliibeba? Wayaandike majina yote, hata ya mtu aliyeacha imani baadaye, maana kazi yake ingali imesimama.

Pili, waandike pia mambo yasiyopendeza. Kama ardhi ilitwaliwa kwa ugomvi, na iandikwe. Kama watu walifanyizwa kazi bila hiari, na iandikwe. Habari iliyoficha upande mmoja haitadumu. Tumeona mfano wa sanamu ya Brussels.

Tatu, kabla ya kubomoa jengo la zamani wapime urefu na upana wake, wapige picha, na wahifadhi walao mlango wake, au kengele, au tofali moja, pamoja na karatasi ya majina. Daftari hilo likae katika sanduku la usharika, na nakala yake ofisini kwa mchungaji, kwa sababu mchwa na mvua havingoji.

Maswali kwa madarasa

1. Ziwa Tanganyika lilishuka kwa sababu gani baada ya mwaka 1876, na jambo hilo lilibadilije Ujiji na Karema?

2. Boma la Karema lilijengwa na nani, kwa neno gani, na likatumika kwa kazi gani kabla ya mwaka 1885?

3. Taja mambo mawili aliyoyapata mtu aliyekombolewa Karema, na jambo moja alilolikosa.

4. Ni kitu gani alichopewa Atiman zaidi ya kukombolewa? Je, katika usharika wenu wapo watu wanaosaidiwa mwaka kwa mwaka bila kupewa kitu hicho?

5. Tajeni majina kumi ya watu waliojenga kanisa lenu kwa mikono yao. Mkishindwa kufika kumi, ni mzee gani mtakayemwendea wiki hii?